Mchoro wa ukutani ni bure, numero ndiyo inauzwa: biashara ya tablo za "idadi maalum"

Tarehe 14 mwezi wa kumi 2021, katika mnada wa Sotheby's mjini London, mnunuzi mmoja alilipa pauni 18.582.000 kwa tablo iliyochanwa nusu. Tablo hiyo inaonyesha binti mdogo akinyoosha mkono kuelekea puto jekundu lenye umbo la moyo. Miaka mitatu mbele, tarehe 5 mwezi wa kumi 2018, iliuzwa kwenye mnada huo huo pauni 1.042.000. Mara tu nyundo ilipogonga siku ile, mashine iliyofichwa ndani ya kadre ilianza kuikata, kisha ikakwama katikati. Kuharibiwa huko hakukupunguza bei, bali kuliiongeza mara 17 na zaidi.

Tablo ni ya Banksy, mchoraji Mwingereza ambaye hajajitambulisha hadharani. Lakini mbele ya kuwa tablo, picha hiyo ilikuwa mchoro wa ukutani. Mwaka 2002 ilipulizwa kwa rangi karibu na daraja la Waterloo, London, mahali ambapo kila mpita njia aliiona bila kulipa kitu.

Basi yule anayelipa mamilioni, au hata yule anayelipa dola 50 kwa picha kama hiyo kwenye intaneti, ananunua nini? Picha yenyewe tayari ni ya kila mtu. Kinachouzwa ni ahadi: kwamba nakala ni chache, zimehesabiwa, na hakuna nyingine itakayotoka. Swali hilo linawagusa pia wachoraji wa Congo, wanaochora picha moja mara nyingi na kulipwa kidogo kila mara.

Kutoka ukutani hadi kwenye kitambaa

Wamarekani walitangulia katika njia hii. Mwaka 1962 Andy Warhol alionyesha tablo 32 za makopo ya supu ya Campbell's. Kisha akachukua serigrafi, njia ya kupitisha rangi kwenye kitambaa chembamba kilichofungwa kwenye fremu, ambayo wenye atelye za kuchapa tisheti katika miji yetu wanaijua vizuri. Kwa serigrafi, picha moja inaweza kutoka mara 10 au mara 1.000. Huo ndio uliokuwa moyo wa sanaa ya pop: kuchukua vitu vya duka na vya matangazo, na kuvizalisha kama vile kiwanda kinavyozalisha.

Keith Haring aliingia kupitia mtaa. Kuanzia mwaka 1980 alichora kwa chaki nyeupe juu ya karatasi nyeusi zilizofunika matangazo ya zamani katika vituo vya treni za chini ya ardhi mjini New York. Alichora haraka, mbele ya wasafiri, na polisi walimkamata mara kadhaa. Watu walipoanza kuzikata karatasi hizo na kwenda kuziuza, aliacha. Mwaka 1986 alifungua duka lake, Pop Shop, katika mtaa wa SoHo. Humo mtoto wa shule aliweza kununua kibandiko au tisheti. Sambamba na hayo, Haring alitoa chapa za serigrafi zenye numero na sahihi yake kwa wale wenye feza nyingi. Alikufa mwaka 1990, akiwa na miaka 31, na duka liliendelea hadi 2005.

Banksy anatumia kiolezo, yaani karatasi ngumu iliyokatwa matundu. Kwa kiolezo picha ile ile inaweza kurudi ukutani, kwenye karatasi, au kwenye kitambaa cha turubai. Mwaka 2004 ile ya binti na puto ilianza kutolewa kama chapa za karatasi: 150 zenye sahihi na 600 zisizo na sahihi. Zaidi ya hizo 750, kuna nakala nyingine 88 ambazo puto lake lina rangi tofauti.

Numero inasema nini

Kwenye chapa ya idadi maalum mchoraji huandika kwa kalamu ya risasi namba mbili, kwa mfano 12/150. Maana yake ni nakala ya 12 kati ya 150. Nakala za pembeni ambazo mchoraji anabaki nazo hupewa herufi: E.A. kwa kazi za Kifaransa, A.P. kwa zile za Kiingereza. Zile 88 za Banksy ziko katika kundi hilo. Kwa hiyo anayesoma "150" tu hajasoma hesabu yote.

Njia ya kuchapa ina uzito wake pia. Sheria ya kodi ya Ufaransa inakubali chapa kama kazi ya asili ikiwa idadi yake ina mpaka na ikiwa mchoraji ametengeneza kwa mkono wake mwenyewe bamba la kuchapia. Inakataa ile iliyotoka kwa njia ya mashine au ya picha ya kamera. Sasa tablo nyingi za "sanaa ya mtaa" zinazouzwa kwenye intaneti ni faili la kompyuta lililochapwa kwa wino juu ya kitambaa. Zinaweza kupendeza ukutani sebuleni, na zinaweza hata kuandikwa 37/500. Lakini faili halichoki: mwenye nalo anaweza kuchapa ya 501 kesho asubuhi. Kinachomzuia ni neno lake tu.

Pale ahadi inapovunjika

Historia ya Warhol inatoa fundisho. Mwaka 1967 alitoa seti za chapa 10 za uso wa Marilyn Monroe, seti 250 kwa jumla. Kuanzia mwaka 1970 chapa nyingine zinazofanana nazo kabisa zilianza kuuzwa kwa jina la Sunday B. Morning, bila yeye kuzitolea ruhusa ya mwisho. Alipoletewa baadhi ya hizo, Warhol aliandika nyuma yake kwamba si zake, akaweka sahihi.

Ili kujikinga, upande wa Banksy uliunda mwaka 2008 ofisi inayoitwa Pest Control, yenye kazi ya kusema kipi ni cha kweli na kipi ni cha uongo. Hati yake ya uthibitisho ina kipande cha noti bandia ya pauni 10 yenye sura ya Lady Diana, iliyochanwa katikati. Nusu moja iko kwa mnunuzi, nusu nyingine ofisini, na numero iliyoandikwa juu yake lazima ikutane. Ofisi hiyo haitoi hati kwa michoro ya ukutani. Anayebomoa ukuta ili auze mchoro anabaki na matofali yasiyo na karatasi.

Uzito wa jina ulionekana wazi tarehe 13 mwezi wa kumi 2013. Siku hiyo Banksy aliweka meza ya kuuzia picha pembeni ya bustani ya Central Park, New York, na mzee mmoja akawa muuzaji. Tablo za kweli, zenye sahihi, ziliuzwa dola 60 kila moja. Wapita njia walipita tu, na hadi jioni mzee alikuwa amekusanya dola 420. Mwaka uliofuata tablo mbili kati ya hizo zilipigwa mnada London, zikaleta pamoja karibu pauni 125.000. Rangi na kitambaa ni vile vile. Kilichoongezeka ni watu kujua nani alichora.

Lubumbashi na Kinshasa: picha moja, mara nyingi

Katika Congo, picha za mtaani zina historia yao. Waliokaa Lubumbashi miaka ya 1970 wanaikumbuka mamba muntu, mwanamke mwenye mkia wa samaki, aliyetundikwa katika sebule nyingi. Wanakumbuka pia tablo za "Colonie belge", askari akimchapa mfungwa fimbo mbele ya mzungu. Wachoraji walizipaka juu ya mifuko ya unga iliyonyooshwa, wakazunguka nazo nyumba kwa nyumba. Mteja akitaka mamba muntu, anachorewa. Jirani akitaka pia, anachorewa nyingine. Hakuna aliyeandika numero.

Tshibumba Kanda Matulu alikuwa mmoja wao. Kati ya 1973 na 1974 alichora tablo zaidi ya 100 juu ya historia ya inchi, akazieleza kwa Kiswahili cha Shaba kwa Johannes Fabian, mtaalamu wa anthropolojia aliyekuwa akifundisha Lubumbashi. Maelezo hayo yalitoka katika kitabu mwaka 1996, na tablo zimehifadhiwa Amsterdam, katika makumbusho yaliyoitwa Tropenmuseum hadi mwaka 2023. Kuhusu Tshibumba mwenyewe, habari zake zilipotea mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Mjini Kinshasa, Chéri Samba alianza kwa kuchora vibao vya matangazo, akafungua atelye yake mwaka 1975. Aliandika maneno ndani ya picha ili mpita njia asimame asome. Mwaka 1989 alikuwa katika maonyesho ya Magiciens de la Terre, Paris, na tangu hapo makumbusho makubwa yananunua kazi zake. Yeye pia hurudia mada moja katika tablo zaidi ya moja, lakini kila tablo ina sahihi, mwaka na kichwa cha habari. Ndiyo maana anayenunua anaweza kuitofautisha na nyingine.

Nani anakula faida

Tablo inapouzwa mara ya pili, feza zinaingia mfukoni mwa yule aliyekuwa nayo. Ufaransa ilianzisha mwaka 1920 haki ya mchoraji kupata sehemu ndogo kila kazi yake inapouzwa tena, na Uingereza ikafuata mwaka 2006. Lakini kiwango cha juu kwa mauzo moja ni 12.500, kwa euro Ufaransa na kwa pauni Uingereza. Kwa tablo ya pauni milioni 18, hiyo ni chini ya sehemu moja ya elfu.

Kwa hiyo nafasi kubwa ya mchoraji iko kwenye mauzo ya kwanza, na hapo ndipo idadi maalum inamsaidia. Inamruhusu kuuza picha moja mara 20 au 50 bila kumdanganya mtu, kwa sababu kila mnunuzi anajua mapema wenzake ni wangapi. Anayerudia bila hesabu anashindana na yeye mwenyewe, na kila nakala mpya inashusha bei ya ile iliyotangulia.

Hesabu hiyo haihitaji galeri wala mashine ya bei kubwa. Inahitaji daftari: kichwa cha tablo, mwaka, vipimo, numero, jina la mnunuzi, na picha ya simu mbele ya kazi kutoka mkononi. Nyuma ya kitambaa, maneno hayo hayo pamoja na sahihi. Congo ina sheria inayolinda haki za waandishi na wachoraji tangu tarehe 5 mwezi wa ine 1986, lakini anayekwenda kudai bila ushahidi anarudi mikono mitupu.

Mnunuzi naye ana maswali ya kuuliza mbele ya kutoa feza. Nakala ni ngapi, pamoja na zile za mchoraji? Imechapwa kwa serigrafi, kwa kiolezo, au kwa kompyuta? Sahihi imeandikwa kwa mkono au imechapwa pamoja na picha? Nani ametoa hati, na anaweza kupatikana? Muuzaji akikosa majibu, tablo bado inaweza kununuliwa kwa ajili ya uzuri wake. Ila ilipwe bei ya pambo, si bei ya numero.