Fumbo la rangi kwenye simu: Hapa bahati haina kazi

MJINI Awendo, kaunti ya Migori, kuna muda mwingi wa kungoja. Mwanabodaboda anangoja abiria stejini. Dereva wa trekta anangoja zamu ya kushusha miwa kwenye kiwanda cha sukari cha Sony. Aliyemaliza kidato cha nne anangoja kuitwa kazini. Muda huo wote siku hizi unaliwa na simu, na swali ni moja tu: simu inakurudishia nini?

Kwa vijana wengi nchini, inawarudishia presha ya kamari. Unajua kile kindege kinachopaa kwenye skrini, dau likipanda nacho, kisha kinatoweka na chapaa zako. Hali ilifika mahali ambapo mnamo Aprili 2025, Bodi ya Kudhibiti na Kutoa Leseni za Kamari (BCLB) ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30.

Lakini kuna mchezo mwingine wa simu, wa bure, usiotaka hata bob moja. Unaitwa Queens, yaani malkia. LinkedIn, ule mtandao ambao watu huweka CV wakitafuta kazi, iliuzindua Mei 2024. Kila siku kuna fumbo moja tu. Jipya hutoka saa sita usiku kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani, ambayo huku kwetu ni saa nne asubuhi, au saa tano wao wakiwa kwenye majira ya baridi. Ukimaliza la leo, ngoja kesho. Bando lako liko salama.

Sheria zake ni rahisi. Unapewa mraba wenye visanduku vya rangi mbalimbali, kama mashamba yaliyopakana. Kila rangi inataka malkia mmoja. Kila mstari wa kulala unataka mmoja, na kila safu ya kusimama vilevile. Mwisho, malkia wawili hawagusani, hata kwa pembe. Ukigusa kisanduku mara moja unaweka alama ya X, kwamba hapa haiwezekani. Ukigusa mara mbili unaweka taji la malkia.

Chukua daftari tujaribu fumbo dogo. K ni kijani, N nyekundu, B bluu na M manjano:

K K N N
B N N N
B B M N
B M M M

Kijani ina visanduku viwili tu, vyote kwenye mstari wa kwanza. Malkia wake yuko kwenye kona au kando ya kona. Tuseme yuko kwenye kona. Basi malkia wa mstari wa pili atakuwa safu ya tatu au ya nne. Akiwa ya tatu, mstari wa tatu unabaki na safu ya pili na ya nne, na zote zinamgusa. Akiwa ya nne, wa mstari wa tatu analazimika kukaa safu ya pili, na wa mwisho anabaki na safu ya tatu, ambayo inamgusa mwenzake. Njia zote zimefungwa, kwa hivyo kona imekufa.

Malkia wa kijani yuko safu ya pili, basi. Kuanzia hapo kila kitu kinateremka chenyewe: mstari wa pili ni safu ya nne, wa tatu ni ya kwanza, wa nne ni ya tatu. Angalia rangi, kila moja imepata malkia wake. Umeona? Hatujabahatisha popote.

Hapo ndipo mchezo huu unapoachana na kindege. Wachezaji wa kamari hukodolea macho matokeo ya raundi zilizopita wakidhani ni dalili. "Imeanguka chini mara tano, sasa lazima ipae." Wapi! Kila raundi inajitegemea, na matokeo ya raundi 10 hayakuambii chochote kuhusu ya 11. Mwenye mchezo keshahesabu faida yake kabla hujaweka dau. Kwenye fumbo la rangi, kila kisanduku ni dalili ya kweli, na jibu ni moja tu. Ukikwama, jua kuna dalili hujaiona.

Mafumbo ya LinkedIn ni makubwa kuliko hili letu. Hufika visanduku nane kwa nane, na hata zaidi. Mbinu ni hizi:

Kwanza, anza na rangi yenye visanduku vichache. Kama rangi nzima iko kwenye mstari mmoja, mstari huo ni wake. Futa rangi nyingine zote hapo.

Pili, tafuta rangi mbili zilizobanwa kwenye mistari miwili ileile. Mistari hiyo miwili ni ya hizo mbili, wengine wote watoke.

Tatu, kabla ya kuweka malkia, jiulize atamnyima nani nafasi. Kisanduku kikigusa visanduku vyote vilivyobakia vya rangi nyingine, kipige X mara moja.

Utagundua kwamba kazi kubwa ni kuweka X, si mataji. Mchezaji mzuri hujua kwanza mahali ambapo malkia hawezi kukaa, na taji linakuja likiwa halina pengine pa kwenda. Ni tabia inayofaa hata nje ya simu. Ukitumiwa meseji ya "kazi" inayokutaka ulipe ada ya usajili kwanza, usianze kwa kujiuliza utapata mshahara gani. Anza na X: mwajiri ni nani, ofisi iko wapi, kwa nini anayeniajiri ndiye anayeomba pesa?

Asili ya fumbo hili ni ya zamani. Mnamo 1848, Mjerumani Max Bezzel, mchezaji wa chesi, aliuliza jinsi ya kuweka malkia wanane kwenye ubao wa chesi bila yeyote kumshambulia mwenzake. Jibu lilikuja kuwa njia 92. Mchezo wa simu umelegeza sheria ya pembe, kwa kuwa malkia hukatazwa kugusana tu, kisha ukaongeza rangi ili ibaki njia moja.

Na usidhani kuumiza kichwa hivi ni mambo ya wazungu. Waulize wazee wa Kijaluo kuhusu ajua, ndugu yake bao la Waswahili. Kwenye ajua hakuna dadu wala karata iliyofichwa. Kete zote ziko kwenye mashimo mkiziona nyote wawili, na anayeshinda ni yule anayehesabu mbali zaidi.

Tahadhari ipo, lakini. Mchezo unapima muda wako na kukulinganisha na marafiki wako mtandaoni. Hapo ndipo wengine huanza kuguna na kubonyeza ovyo ili wapate sekunde nzuri, au kutafuta jibu lililopostiwa tayari. Ukifanya hivyo umerudi kwenye kindege kwa mlango wa nyuma. Sekunde zako hazimlipi mtu. Chukua dakika 20 ukitaka, bora ujue kwa nini kila taji liko lilipo.

Huna simu janja? Kalamu nne au tano za rangi na karatasi ya miraba zinatosha. Mmoja achore, mwingine atatue. Kuchora ndiko kugumu zaidi, maana lazima uhakikishe jibu ni moja.

Haya, hili la mwisho ni lako. Z ni zambarau:

K K N N N
K B N N N
M B B N N
M M M Z N
M M Z Z Z

Anza na bluu ya mstari wa pili. Malkia akikaa hapo, kijani itabaki na nini? Piga X, endelea. Jibu hatuliandiki: ukilipata, utajua mwenyewe kwamba ndilo.