Elimu ya mtoto mwenye ulemavu huanzia kwenye tathmini

MZAZI wa Ruiru anapogundua kwamba mwanawe hasikii vyema, haoni yaliyoandikwa ubaoni au amechelewa kuzungumza, aghalabu hukimbilia shule iliyo jirani. Akiambiwa hapo kwamba hakuna mwalimu wa kumfaa mtoto huyo, hurejea nyumbani akidhani kuwa mambo yamekwisha. Kumbe angeanzia kwenye kituo cha tathmini.

Vituo hivyo, vinavyojulikana kwa kifupi kama EARC, vilianzishwa nchini mwaka wa 1984 kwa msaada wa Denmark. Mnamo 1986 iliundwa Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya (KISE), iliyoko Kasarani, ambayo hufunza walimu na pia kuwapima watoto.

Wataalamu humpima mtoto kuona, kusikia, kutembea na uwezo wa kujifunza, kisha huwashauri wazazi. Kuna watakaosoma katika darasa la kawaida wakiwa na miwani au kifaa cha kusaidia kusikia. Wengine hupelekwa katika kitengo maalumu ndani ya shule ya kawaida, na wengine katika shule maalumu, ambazo nyingi ni za bweni.

Katika hili la mwisho, Thika ina historia ndefu. Kanisa la Salvation Army lilianzisha shule ya vipofu mjini humo mwaka wa 1946, na mnamo 1962 likafungua Joytown kwa ajili ya watoto wenye ulemavu wa viungo. Wanafunzi wasioona husoma kwa Breli, na Baraza la Mitihani (KNEC) huwaandalia karatasi za maandishi hayo.

Hata hivyo, shule maalumu si kisingizio cha shule nyingine kuwafukuza watoto. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumnyima mtoto nafasi kwa sababu ya ulemavu, nacho kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa haki ya kupata elimu pamoja na wenzake kadiri hali yake inavyoruhusu.

Lakini sheria haiwezi kumfikia mtoto aliyefichwa chumbani. Kila mwaka anaokaa bila kupimwa ni mwaka wa masomo uliopotea. Mzazi asingoje hadi mtoto atimize umri wa kwenda shule. Samaki hukunjwa angali mbichi.