Mwasho wa Tetekuwanga Usidharauliwe

Kuna maradhi ambayo watu huyaogopa, na kuna maradhi ambayo watu wameyazoea. Tetekuwanga ni katika hayo ya pili. Ikiingia katika nyumba ya wapangaji, watoto wa chumba kimoja huanza, wa chumba cha pili hufuata, na wazazi huambiana: “Hiyo ni tete tu, kila mtoto huipata.” Sisi twakubali kwamba watoto wengi hupona bila ya dawa kubwa. Lakini neno hilo “tu” hatulikubali. Mtoto wa miaka miwili anayewashwa usiku kucha hajui kuvumilia, wala haelewi akiambiwa asijikune. Yeye hujikuna mpaka atoke damu, na hapo ndipo maradhi madogo yanapoweza kugeuka makubwa.

Yafaa tueleze jambo hili lilivyo. Tetekuwanga huletwa na virusi vinavyosafiri kwa hewa na kwa kugusana. Tangu mtoto avipate mpaka vipele vya kwanza vitokee hupita siku 10 hadi 21. Kipele huanza kikiwa chekundu, kikawa lengelenge lenye maji, kisha kikakauka na kufanya gamba. Havitoki vyote mara moja. Hutoka kwa mafungu, hata mwilini mwa mtoto mmoja ukaona vipele vipya, malengelenge na magamba kwa wakati mmoja. Virusi hivyo mwili wa mtoto mwenye afya huvishinda wenyewe. Lakini lengelenge lililopasuliwa kwa kucha ni mlango ulio wazi. Uchafu wa kucha una bakteria, na bakteria wakiingia katika kidonda huleta usaha, uvimbe, na pengine sumu katika damu. Wahenga walisema: Mdharau mwiba, mguu huota tende. Kwa hiyo kumtuliza mtoto mwasho si kumdekeza. Huko ndiko kumkinga.

Na vitu vya kumtulizia havihitaji fedha nyingi. Cha kwanza ni maji. Imezoeleka katika nyumba nyingi kumnyima maji mtoto mwenye vipele, kwa hofu kwamba ugonjwa “utarudi ndani”. Hofu hii haina msingi. Mtoto aogeshwe kwa maji safi ya vuguvugu au ya baridi kiasi, kwa dakika 10 au 15, na akiwashwa sana aweza kuogeshwa zaidi ya mara moja kwa siku. Sabuni iwe laini na kidogo. Asisuguliwe kwa dodoki, wala asifutwe kwa nguvu. Taulo liwekwe juu ya ngozi na kubonyezwa taratibu mpaka maji yakauke. Mahali panapowasha mno, kitambaa safi kilichochovywa katika maji baridi na kukamuliwa huleta nafuu upesi. Anayezoea majani ya mwarobaini katika maji ya kuogea na asimnyweshe mtoto maji hayo, na mafuta ya mwarobaini asimpe kabisa, kwani ni sumu kwa watoto wadogo.

Cha pili ni mkasi. Kucha za mtoto zikatwe fupi, na mikono yake ioshwe kwa sabuni mara nyingi. Usiku, wakati ambapo hakuna wa kumzuia, avalishwe soksi safi za pamba mikononi. Nguo zake ziwe za pamba, nyepesi na pana. Sufu na nailoni humwongezea joto, na joto huongeza mwasho. Katika miji yetu ya pwani jambo hili lataka uangalifu zaidi. Mtoto asifunikwe blanketi kwa kudhani kwamba jasho litamtoa ugonjwa. Alale penye hewa, na mchana akae kivulini. Akianza kujikuna asipigwe kofi wala asikemewe. Afundishwe kupapasa mahali hapo kwa kiganja, na apewe mchezo utakaoishughulisha mikono yake.

Cha tatu ni dawa, nayo itumike kwa akili. Ile dawa ya maji ya rangi ya waridi iitwayo kalamini hupakwa juu ya vipele na kupooza ngozi. Isipakwe machoni wala mdomoni. Ikiwa mtoto halali kabisa kwa kuwashwa, mganga wa zahanati aweza kumpa dawa ya kunywa ya kupunguza mwasho, kwa kipimo cha umri wake. Dawa hizo huleta usingizi, na si kila mtoto mchanga anaruhusiwa kupewa, kwa hiyo zisinunuliwe kwa kubahatisha. Homa itulizwe kwa parasetamoli. Aspirini mtoto asipewe hata kidogo, kwani kwa mwenye tetekuwanga yaweza kudhuru ini na ubongo. Ibuprofeni nayo iepukwe isipokuwa kwa amri ya daktari. Dawa za kuua bakteria haziui virusi. Hizo ni za vidonda vilivyooza, na mwenye kuamua ni mganga. Kumpaka mtoto mafuta ya taa, spiriti, majivu au dawa ya meno ni kumtesa mara mbili.

Vipele vikiwa mdomoni, mtoto hukataa chakula. Apewe uji uliopoa, maziwa na maji mengi, wala asipewe pilipili, ndimu au vyakula vya chumvi nyingi mpaka vipone.

Hata hivyo, nyumbani si mahali pa kila mgonjwa. Mtoto apelekwe hospitali upesi ikiwa ngozi iliyozunguka kipele imekuwa nyekundu, ya moto, yenye kuvimba au kutoa usaha. Ikiwa homa imepita siku nne au imeondoka ikarudi. Ikiwa anapumua kwa shida, anatapika mfululizo, ana degedege, shingo imekakamaa, au amelegea hata haamki vizuri. Mtoto mchanga sana, mama mjamzito ambaye hajapata kuugua tete, na mtu ambaye kinga ya mwili wake imepungua, hao wasisubiri dalili hizo. Wakikaa karibu na mgonjwa waende kutaka shauri mara moja.

Na asiwepo mtu wa kuutambua ugonjwa kwa kuangalia tu na kukata neno. Mwezi Oktoba 1977, katika mji wa Merca nchini Somalia, mpishi wa hospitali aitwaye Ali Maow Maalin aliugua. Kwanza ilidhaniwa ni malaria, kisha ikadhaniwa ni tetekuwanga. Kumbe ilikuwa ndui, naye ndiye mtu wa mwisho duniani kuipata kwa njia ya kawaida ya kuambukizwa. Alipona, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ndui imetoweka. Lakini somo limebaki. Tangu mwaka 2024 nchi kadhaa za Afrika Mashariki zimepata wagonjwa wa homa ya nyani, iitwayo mpox, nayo hutoa vipele. Vipele vikiwa vigumu, vikitoka viganjani na nyayoni, na mitoki ikivimba, zahanati ndiyo ya kuamua, si jirani.

Limebaki neno moja, nalo twawaambia akina baba hasa. Kazi ya kukesha na mtoto anayewashwa mara nyingi huachiwa mama peke yake, hata kama naye ana zamu ya asubuhi kiwandani. Haki haisemi hivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, humpa mfanyakazi siku zisizopungua nne za likizo yenye malipo katika kila mzunguko wa likizo, kwa ajili ya kuuguliwa au kufiwa na mtoto, au kufiwa na jamaa wa karibu. Sheria haikusema mama tu, ilisema mfanyakazi. Mwajiri aweza kutaka uthibitisho, kwa hiyo cheti cha zahanati kitunzwe. Tetekuwanga huchukua siku tano hadi saba au zaidi mpaka vipele vyote vikauke, na muda huo wote mtoto asipelekwe shule wala kwa mlezi wa watoto wengine. Siku nne za mmoja hazitoshi; lakini baba na mama walioajiriwa wakipokezana, huenda zikatosha.

Maji, mkasi, soksi safi, na mzazi aliye macho: hivi vyapatikana hata katika chumba kimoja cha kupanga. Basi tusiseme tena “ni tete tu”. Tumkate mtoto kucha leo, na usiku huu tupokezane kukesha.