Je, Wajua? Mita ya Umeme Inaweza Kuuondoa Mkaa Jikoni

Je, wajua kwamba kilo 1 ya mkaa uliochomwa kwenye tanuri la udongo inaweza kuwa imekula kilo 6 hadi 10 za kuni? Sehemu kubwa ya mti huishia moshini porini, kabla gunia halijafika mjini. Kwa hiyo nyumba ya Tanzania inayotaka kupunguza hewa ya ukaa ianzie jikoni. Taa na televisheni zitafuata.

Umeme safi wa kupikia upo. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lina mitambo 9, kila mmoja wa megawati 235. Jumla ni megawati 2,115, zote za nguvu ya maji. Kenya nako, takriban asilimia 90 ya umeme hutoka kwenye jotoardhi, maji, upepo na jua. Anayepika kwa umeme huu hapiki kwa moshi wa mtu mwingine.

Je, wajua kwamba presha kuka ya umeme huivisha chungu cha maharage ya familia kwa chini ya yuniti moja? Mfuniko hubana mvuke, maji yanapata joto linalopita nyuzi 100, kuta za jiko hushika joto hilo, na likitosha jiko lenyewe linakata umeme. Maharage yanaendelea kuiva huku mita imetulia. Wengi hawaamini mpaka waone kwa macho yao, na hapo kazi ya muuza umeme inaanza: kupika mbele ya wateja na kuwaonyesha mita. Kenya Power inafanya hivyo katika kampeni yake ya Pika na Power, kwa vyakula ambavyo watu wanavila kila siku.

Sasa tuje kwenye bei, maana hapa ndipo panapouma. Bei zilizopangwa Tanzania mwaka 2016 zinampa mtumiaji mdogo wa majumbani yuniti 75 za kwanza za mwezi kwa shilingi 100 kila moja, kabla ya kodi na tozo. Akivuka 75, kila yuniti ya ziada ni shilingi 350. Chukua mama anayetumia yuniti 60 kwa friji, taa na televisheni. Analipa 6,000. Akianza kupika kwa umeme, yuniti moja kwa siku, anafika 90. Zile 15 za juu peke yake zinamgharimu 5,250, na bili nzima inapanda hadi 12,750. Yuniti zote 90 zingekuwa za shilingi 100, angelipa 9,000. Na anayevuka mara kwa mara huweza kuhamishiwa kundi ambalo bei yake ni ya juu tangu yuniti ya kwanza. Mama anayeuacha mkaa anaadhibiwa kama aliyewasha kiyoyozi! Bei hizi ziliwekwa kumlinda mnyonge, nalo ni jambo jema, lakini sufuria haikuwamo kwenye hesabu. Kenya iliongeza daraja la kati mwaka 2023, la yuniti 31 hadi 100, kwa bei iliyo chini ya ile ya watumiaji wakubwa.

Je, wajua kwamba tangu Agosti 2021 kodi ya majengo Tanzania inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla? Mwenye nyumba hapangi foleni. Kila mwezi anaponunua umeme, kiasi kidogo kinakwenda serikalini. Basi mita iliyoweza kukusanya kodi kidogo kidogo inaweza pia kukusanya bei ya jiko. Kinachowazuia wengi kununua presha kuka ni kutoa fedha zote kwa mkupuo, ilhali mkaa hununuliwa kwa kopo.

Tunisia walishalifanya hili kwa hita za maji za jua. Mpango wao wa PROSOL ulianza mwaka 2005: mteja anafungiwa hita juu ya paa, benki inakopesha, serikali inachangia sehemu ya bei, na marejesho yanaingizwa kwenye bili ya shirika la umeme la STEG kwa miaka 5. Benki zilizokuwa zikisita zililegea, kwa sababu shirika la umeme linamjua kila mteja wake na hujua nani analipa. Hakuna benki yenye daftari kama hilo.

Yuniti za kupikia zinaweza pia kuokolewa kwenye taa. Balbu ya kizamani ya wati 60 ikiwaka saa 5 kila usiku hula yuniti 9 kwa mwezi. Taa ya LED ya wati 9 haifikishi yuniti moja na nusu.

Saa nazo zina bei yake. Mvuke wa jotoardhi wa Olkaria, Kenya, haulali. Usiku watu wakizima taa, visima vinaendelea kupumua, na mvuke mwingine huachwa uende zake. Mwaka 2023 Kenya iliweka bei maalumu ya kuchaji vyombo vya usafiri vya umeme: shilingi 16 za Kenya kwa yuniti, na shilingi 8 saa za usiku ambapo mahitaji yameshuka.

Kwingine, wauza umeme huwasaidia wateja wapunguze matumizi. Kule Sacramento, Marekani, shirika la umeme la SMUD limekuwa likiwapa wateja miti ya kivuli bure tangu mwaka 1990. Zaidi ya miti nusu milioni imeshapandwa, ili nyumba zipoe bila viyoyozi vingi. Uingereza, majira ya baridi ya 2022/23, kampuni ya umeme ya Octopus Energy iliwalipa wateja waliopunguza matumizi saa za msongamano.

Hata hivyo umeme ukikatika maharage yakiwa nusu, mkaa unarudi. Ratiba ya makatizo inayotangazwa mapema, na kufuatwa, ni msaada mkubwa kuliko tangazo lolote la nishati safi.

Na je, wajua nani anaumia zaidi na ile bei ya yuniti 75? Wapangaji. Vyumba vitano, mita moja: kila mpangaji akitumia yuniti 20 tu, mita inasoma 100, na wote wanahesabiwa kama mtumiaji mkubwa mmoja. Kila mmoja akifungiwa mita yake, hata akiongeza yuniti 30 za kupikia, atafika 50, na atabaki kwenye shilingi 100.