Dawa za maradhi ya akili: shingo ikipinda usikimbilie kusema ni jini

Usiku mmoja nikiwa zamu aliletwa kijana aliyeshikwa huku na huku na ndugu zake. Shingo imepinda upande, macho yametazama juu, ulimi mzito, hawezi kusema. Siku mbili kabla alikuwa ameanzishiwa vidonge vya haloperidoli kwa sababu ya kusikia sauti na kukosa usingizi. Nyumbani walishaamua kuwa jini amepanda, na vidonge vimetupwa chooni.

Zile zilikuwa athari za dawa. Alichomwa sindano ya kulegeza misuli, na muda si mrefu shingo ikanyooka, akaomba maji. Mama yake akaniuliza, "Mwanangu, mbona hatukuambiwa?" Sikuwa na jibu. Ndiyo maana leo nakuambia wewe.

Haloperidoli, na klopromazini ambayo wengi wanaijua kama Largactil, hupunguza nguvu ya dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe katika ubongo. Kwa njia hiyo sauti hutulia. Lakini kemikali hiyohiyo huongoza misuli, kwa hiyo mgonjwa anaweza kukakamaa, kutetemeka, kutokwa mate au kushindwa kutulia mahali pamoja. Wengine husinzia, hukauka kinywa, hunenepa au hupata kizunguzungu wanaposimama ghafla. Anayetumia Largactil ajikinge na jua kali, kwani ngozi yake huungua upesi.

Ufanye nini? Shingo au taya zikikaza, mpeleke hospitali saa hiyohiyo, na uchukue pakiti ya dawa. Akipata homa kali huku mwili umekakamaa na akili imevurugika, usingoje asubuhi. Hali hiyo huua. Kwa athari nyingine, rudi kwa aliyeandika dawa. Anaweza kupunguza kipimo, kubadilisha dawa au kuongeza nyingine, kama Artane. Usiinunue mwenyewe dukani.

Usimwachishe dawa kwa sababu amepata nafuu. Mara nyingi nafuu hiyo inatokana na dawa, na akiacha ghafla ugonjwa unaweza kurudi kwa nguvu baada ya wiki au miezi.

Ramadhani nayo ina mtihani wake. Wapo wanaoacha vidonge mwezi mzima ili wafunge. Muone daktari tangu Shaabani. Dawa nyingine zinaweza kupangwa wakati wa futari na daku. Kama haiwezekani, mgonjwa ana ruhusa ya kula, na hilo ulizia kwa mashekhe wako.

Msomee mgonjwa wako Qur'an, mwombee dua, na umpe kidonge chake kwa saa yake. Kutafuta tiba ni katika mafundisho ya Mtume (s.a.w.), wala hakupunguzi tawakkul. Wabillahi tawfiq.