Nanga Inaposhuka Alfajiri, Nani Huamka?

Majuzi alitutembelea shuleni kijana mmoja niliyemfundisha miaka kadhaa iliyopita. Siku hizi kazi yake ni kutandika vitanda katika meli kubwa ya kitalii inayozunguka visiwa vya Karibi. Wanafunzi walimzingira wakitaka kusikia habari za miji aliyoiona. Akawaambia kwamba, ikiwa mwalimu atamruhusu kusema kweli, anachokikumbuka zaidi si miji bali kelele.

"Mwalimu," akaniambia, "nanga ikiteremshwa, ni kama lori linalomwaga mawe juu ya paa la mabati. Na chini ya paa hilo ndipo nilipolaza kichwa."

Abiria nao hulalamika, tena kwa sauti. Aliyelipia chumba cha mbele katika sitaha za chini, ambacho aghalabu bei yake ni nafuu, hugutushwa kabla ya jua kuchomoza, akapanda kwa hasira kwenda kudai chumba kingine. Huenda akakipata, huenda asikipate. Lolote liwalo, baada ya juma moja au mawili atateremka na mizigo yake aende zake. Kijana wetu hubaki pale pale kwa miezi, na bandari huwa karibu kila siku.

Tueleze kidogo kelele hizi hutoka wapi, maana mwalimu wa Fizikia atapata hapa mfano ulio hai. Mnyororo wa nanga hupimwa kwa vipande vya mita 27.5, na katika meli kubwa pete moja tu ya mnyororo huo humshinda mtu mmoja kuiinua. Nahodha atiapo nanga penye kina cha mita 30 hateremshi mita 30 tu. Huachilia vipande kadhaa ili mnyororo ulale chini na kuishika meli. Pete zote hizo hupita juu ya gurudumu la winchi, zikapenya tundu la omoni, chuma kikigonga chuma. Sauti husafiri hewani kwa mita 340 hivi kwa sekunde, ilhali ndani ya chuma hufikia takriban mita 5,000, tena njiani hufifia kidogo mno. Ukuta wa chumba cha kulala ni sehemu ya chuma hicho hicho. Si lazima uwe karibu na nanga ndipo uisikie.

Meli ikifunga gatini hapana haja ya nanga, lakini hapo huzuka kero ya pili, ambayo kwa maoni yangu ni mbaya kuliko ya kwanza. Omoni, chini ya maji, mna matundu yaliyopitishwa kutoka ubavu mmoja hadi wa pili, na ndani yake rafadha zinazosukuma maji upande upande ili meli ijongee gati bila kuvutwa na tagi. Rafadha hizo zikizunguka kwa nguvu, huzuka viputo vya mvuke ambavyo hupasuka papo hapo, na mngurumo wake ni kama wa kokoto zinazosagwa. Kutia nanga ni kazi ya dakika chache. Kufunga gati kwaweza kuchukua nusu saa au zaidi, na siku ya upepo rafadha hazitulii. Kule Grand Cayman, ambako hakuna gati la meli hizi, abiria hupelekwa pwani kwa mashua, na popote meli inapotumia mashua zake yenyewe, huteremshwa kwa winchi. Kwa hiyo hata penye bahari tulivu hapakosi kelele.

Je, sheria yasemaje? Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini lilipitisha mwaka 2012 kanuni kuhusu kelele melini, zikaanza kutumika Julai 1, 2014 kwa meli mpya. Katika meli inayofikia tani 10,000 na zaidi, kelele katika chumba cha kulala cha mfanyakazi haipasi kuzidi desibeli 55. Vyumba vya abiria havikulengwa na kanuni hizo. Abiria ameachiwa soko limtetee. Lakini tusimwonee kijana wetu kijicho. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 1999 kwamba kelele ya mfululizo katika chumba cha kulala isizidi desibeli 30. Tofauti ya 25 yaonekana ndogo kwa asiyekijua kipimo hiki. Desibeli haziongezeki kama shilingi: kila zikizidi 10, nguvu ya sauti huzidi mara kumi. Ishirini na tano ni zaidi ya mara 300.

Upo pia Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014. Huo waagiza saa zisizopungua kumi za mapumziko katika kila saa 24. Saa hizo zaweza kugawanywa mara mbili, mradi sehemu moja isipungue saa sita. Ni agizo zuri. Ila mkataba huhesabu saa, hauhesabu usingizi. Daftari litaonyesha kwamba kijana alipumzika tangu saa tano usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Kwamba rafadha zilianza kunguruma saa kumi, daftari halina safu ya kuliandika hilo.

Hapa walimu wa lugha nao wana neno. Mkataba huo una sehemu za kulazimisha na sehemu za kushauri. Kwamba vyumba vya mabaharia viwekwe mbali na mitambo na winchi, kadiri iwezekanavyo, limeandikwa katika sehemu ya ushauri. Zaidi ya hayo, katika meli za abiria serikali husika yaweza kuruhusu wafanyakazi walale chini ya mstari wa maji, mradi pawe na mwanga na hewa ya kutosha. Tumezoea kuwafundisha watoto methali ya tezi na omo marejeo ni ngamani, bila kuwaeleza kwamba hadi leo wako watu ambao marejeo yao ni huko huko ngamani, kila usiku.

Sisemi vijana wasiende. Ajira hapa nchini ni adimu, na mshahara wa meli umesomesha wadogo wa wengi. Nasema waulize kabla ya kutia saini: chumba kiko sitaha ya ngapi, mbele au nyuma, na je, anayefanya kazi usiku atalala pamoja na anayeamka alfajiri? Mkataba ule ule unashauri wasichanganywe.

Nilimwuliza kijana wetu kama mkataba aliotia saini ulitaja chumba. Akacheka. Ulitaja mshahara, sare na tarehe ya kurudi nyumbani.