Mwulize Kwanza



Wengi wetu hapa Nakuru, Molo, Kuresoi na Naivasha tunakumbuka Januari ya mwaka 2008. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, watu zaidi ya 1,100 walikufa nchini, na mamia ya maelfu wakakimbia makwao. Maelfu waliishi katika mahema kwenye uwanja wa maonyesho wa Nakuru. Mahema yaliondolewa, lakini majeraha ya moyoni hayakuondoka pamoja nayo.

Tuseme yuko mzee aliyeona nyumba yake ikiteketea. Usiku hapati usingizi, basi hunywa chang'aa ili alale. Sisi watu wa kanisa tukimwendea, mara nyingi twamkemea. Naye hujitetea, na kadiri tunavyomsukuma ndivyo anavyozidi kuishika chupa.

Mwaka 1983 William Miller, mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, aliandika juu ya njia nyingine ya kuwasaidia walevi. Kiini chake ni hiki: mtu huvutwa zaidi na sababu anazozitamka mwenyewe kuliko zile anazohubiriwa.

Basi tufanyeje? Kwanza, tuombe ruhusa: "Mzee, waweza kutupa nafasi tuzungumze? Neno likikuumiza, tutaliacha." Aliyenyang'anywa vitu kwa nguvu ahitaji kujua kwamba hapa ana hiari. Tusimlazimishe kusimulia ya siku ile.

Pili, tumwulize pombe yampa nini, na yamnyima nini. Akisema, "Yanipa usingizi, lakini wajukuu wananiogopa," tumrudishie neno lake: "Mzee, wajukuu hao wawapenda sana." Kisha tunyamaze, tusikilize.

Tatu, tumwulize: "Kutoka 0 hadi 10, kuiacha pombe kuna uzito gani kwako?" Akijibu 4, tusimwulize mbona si 10, tumwulize mbona si 1. Hapo atatueleza mwenyewe sababu zake za kuacha.

Lakini tujihadhari. Anywaye sana kila siku asiache ghafula bila daktari, maana aweza kupatwa na degedege. Na akitaja kujiua, tusimwache peke yake, tumpeleke hospitalini.

Penye birika la Bethzatha, Bwana Yesu alimwuliza mtu aliyeugua miaka 38 kama alitaka kuponywa. Alimjua, hata hivyo alimwuliza. Je, sisi tulipomtembelea jirani yetu juma lililopita, tulimwuliza, au tulimhubiria tu?

Bwana awabariki.